Mshahara Ukipanda, Je, Kiwanda Kitahama?

SWALI: Kwako mhariri, mimi ni mshonaji katika kiwanda kimoja cha EPZ (eneo maalumu la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje), Athi River, na nguo tunazoshona huuzwa Marekani. Lengo la kila saa huandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na meza ya msimamizi, na laini isiyolifikia hubaki hadi jioni. Tulipoanza kuzungumzia nyongeza na kujiunga na chama, tuliambiwa kwamba mwenye kiwanda atabeba mashine zake aende Ethiopia, ambako watu hawana maneno mengi. Je, kudai haki ndiko kunakofukuza kazi? Na akihama kweli, sisi tutabaki na nini? (Mshonaji, Athi River)

JIBU: Dada, tisho hilo lina ukweli kidogo, kwa kuwa cherehani huhamishika kwa wepesi kuliko tanuri la saruji, na mnunuzi wa ng'ambo hulinganisha bei hadi senti ya mwisho. Hata hivyo, historia ya hapo hapo mlipo inasimulia jambo jingine. Mwanzoni mwa 2003 maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma wakidai malipo na mazingira bora, na bado mauzo ya nguo za Kenya huko Marekani yalizidi kupanda hadi 2004. Yaliteremka baada ya tarehe 1 Januari 2005, ulipokoma mfumo wa kimataifa uliowawekea wazalishaji wakubwa kama China kikomo cha nguo walizoruhusiwa kuuza. Baadhi ya viwanda vilifungwa wakati huo, na mgomo haukuwa na mkono humo.

Tuitazame basi hiyo Ethiopia mnayotishiwa nayo. Sheria yake haikuweka kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na kufikia 2019 mshonaji mpya katika eneo la viwanda la Hawassa alikuwa akianza kwa takriban dola 26 kwa mwezi. Ujira huo haukuwashika wafanyakazi, ambao waliacha kazi kwa wingi kabla mikono haijazoea mashine, ikawa mwenye kiwanda anafunza wageni kila uchao. Wala haukuwashika wawekezaji: Novemba 2021, vita vya Tigray vikiendelea, kampuni ya PVH, mmiliki wa Calvin Klein, ilitangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha Hawassa, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani ikaiondoa nchi hiyo katika AGOA, mpango wa kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Wakati huo suruali ya pamba isiyo na msamaha huo ilitozwa ushuru wa asilimia 16.6 ilipoingia Marekani, na pengo kama hilo ni vigumu mno kuliziba kwa kumminya mshonaji, hasa ikikumbukwa kwamba sehemu kubwa ya gharama ya nguo ni kitambaa.

Sisemi kwamba mshahara hauna uzito. Unao, pale ambapo ushuru, bandari, umeme na kasi ya mikono vimelingana, jambo ambalo ni nadra. Bangladesh ilipandisha kima cha chini cha washonaji kutoka taka (sarafu ya nchi hiyo) 3,000 hadi 5,300 mwaka 2013, mwaka ule ule jengo la Rana Plaza lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, na mauzo yake ya nje yaliendelea kukua.

Na mwenye kiwanda akihama? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka atoe taarifa ya angalau mwezi mmoja kwa chama chenu na kwa afisa wa leba, alipe likizo ambazo hamkuchukua, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyeshona miaka 8 anadai siku 120. Asiye mwanachama hupewa taarifa hiyo yeye binafsi, kwa maandishi. Kuhusu chama, mwajiri hulazimika kukitambua kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, kwa hiyo anzeni kwa kuhesabiana.

SWALI: Niko kiwandani kwa jina la wakala. Kila baada ya miezi 3 naambiwa nipumzike siku chache, kisha natia sahihi upya. Mwajiri wangu ni nani? (Kibarua wa miaka 4)

JIBU: Ndugu yangu, kuajiri kupitia wakala si kosa, lakini mahakama za kazi za Kenya zimeshasema kwamba njia hiyo haipaswi kutumiwa kukwepa wajibu wa mwajiri. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja haki za mfanyakazi wa mwezi, na mapumziko yako ya siku chache yananusa hila ya kukata mfululizo huo. Atakayeamua ataangalia ni nani anayekupangia zamu, anayekukemea na anayeweza kukusimamisha. Kwa hiyo hifadhi kila karatasi ya malipo na kila mkataba, piga picha kadi yako ya getini ikiwa ina tarehe, na uulize NSSF michango yako inaletwa kwa jina la nani.