Nyumba ya chuo tuko sita na luku inaisha kila siku mbili, nihame?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma, mwaka huu hosteli nilikosa nikapangiwa zile nyumba za chuo zilizoshikana ukuta, vyumba vitatu, sebule na jiko, tuko sita. Mwanzo nilifurahi ila sasa nimechoka. Luku tunachanga sawasawa lakini wenzangu wawili wanachemsha maji ya kuoga kwa hita asubuhi na jioni, mimi natumia taa na kuchaji simu tu, nikisema naambiwa nina roho mbaya. Alafu sinki la jikoni linavuja tangu tumeingia, na wadeni, yaani msimamizi wa nyumba, anasema mwisho wa mwaka vitu vinakaguliwa, kilichoharibika tunalipa sisi. Rafiki yangu ananiita geto, chumba cha kupanga mtaani Ng'ong'ona, niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhama usihame kwanza. Geto wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bumu lenyewe, ile hela ya mkopo wa chuo, linakuja kwa mafungu, sasa ukimpa yeye wewe utakula nini? Tena tangu serikali ianze kuhamia Dodoma 2016 vyumba vimepanda bei, na likizo ndefu geto unalilipia hata ukiwa kwenu. Na luku huko pia utashea, tena na wapangaji ambao hata hamjuani.

Kwenye luku una haki kabisa ila umeongea bila namba ndo maana umeonekana una roho mbaya. Taa ya wati 9 ikiwaka masaa matano kila usiku inachukua wiki tatu hivi kumaliza uniti moja, simu yako ukiichaji kila siku mwezi mzima haifikishi hata hiyo moja, ila hita ya wati 1500 inaimaliza kwa dakika 40 tu. Wawili wakichemsha mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mmoja kila mara, hapo zimeondoka uniti mbili kwa siku moja. Usiwaambie hivi kwa mdomo. Siku luku imejaa na watu wamekula wameshiba (sio usiku mko gizani mnatafutana ubaya) waombe wote msimame kwenye mita, msome zimebaki uniti ngapi, hita iwashwe mpaka maji yapate, kisha msome tena. Nimeona nyumba nyingi zinapatana hapo hapo.

Mkishaona, mpango wangu ni huu: taa, chaji na pasi mchange sawa wote sita, anayechemsha aongeze yake juu. Ujumbe wa tokeni ukiingia, zile namba 20, urushwe kwenye grupu lenu pamoja na kiasi kilichonunuliwa, ili asije mtu kusema kadanganywa. Ila muulizeni wadeni kwanza kama hita zinaruhusiwa, maana vyuo vingi vinakataza, na maji ya Dodoma yana chumvi, koili ikishashika ule ukoko mweupe inaungua mapema.

Na wenzako nao uwaelewe jamani, Juni na Julai ule upepo wa asubuhi sio mchezo. Maji ya jioni lakini hayahitaji umeme kabisa, ndoo nyeusi yenye mfuniko ukiianika juani saa sita mchana, saa kumi na moja ni vuguvugu safi la kuogea.

Sinki ndo limenipa wasiwasi zaidi. Leo hii piga picha bomba linapodondosha na ubao wa kabati chini yake kama umeshaanza kuvimba, mwandikie wadeni barua fupi yenye tarehe, namba ya nyumba na saini za wote sita, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri au hata saini yake ya kupokea. Ukimwambia kwa mdomo tu mwisho wa mwaka hatakumbuka, na fomu ya ukaguzi haina sehemu ya kuandika "tulisema". Wakati mnasubiri fundi wekeni ndoo chini, maji hayo mdekie au mflashie choo, maana kiangazi mgao ukianza mtayatafuta hayo hayo. Na kagua vyumbani pia, kitasa, vioo vya madirisha, nyavu za mbu, chochote mlichokikuta kibovu kiingie kwenye barua hiyo hiyo.