Bega limeteguka, limetenguka, au mkono umechomoka?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Kirumba, hapahapa Mwanza. Anasema mwenzake alikuwa anashusha magunia ya dagaa pale sokoni Mwaloni, mkono kaunyanyua juu kushikilia gunia, akateleza, gunia likaangukia nyuma likauvuta ule mkono na palepale bega likabadilika umbo. Huyu ndugu akapiga simu nyumbani akasema "bega limeteguka", shemeji yake akamkosoa kwamba hilo sio neno sanifu eti aseme "limetenguka", na mzee mmoja aliyekuwepo pale akasema wote wamekosea, "mkono umechomoka". Anauliza nani yuko sahihi.

Ndugu yangu, kwanza pole sana kwa mwenzako. Pili, shemeji hakupaswa kukukosoa. Teguka ni Kiswahili safi kabisa na mzizi wake unaujua vizuri tu, ni tega, watu wanatega mtego, wanatega kitendawili, na mbeba mizigo anatega bega ili apandishiwe gunia. Sasa ukiingiza ile u inayopindua maana unapata tegua, kama vile funga na fungua, ziba na zibua, yani kitu kilikuwa kimekaa mahali pake tayari kwa kazi alafu kikatoka. Tenguka nayo ipo na maana inakaribiana, ni ileile unayoisikia kwenye taarifa ya habari uteuzi wa mtu ukitenguliwa, kitu kimeondolewa pale kilipowekwa. Kwa hiyo hapo hakuna aliyekosea Kiswahili.

Ila teguka ina shida moja, imebebeshwa mambo mengi mno. Mtu akikanyaga vibaya kwenye mawe kule milimani Mabatini, mguu ukapinda ukavimba, anasema kifundo kimeteguka, na mara nyingi mifupa yote iko mahali pake, kilichoumia ni kano zinazoshika mfupa na mfupa mwenzake, zimevutika au zimechanika kidogo. Neno hilohilo tunalitumia mfupa ukiwa umetoka kabisa kwenye kiungo. Hayo ni maumivu mawili tofauti na matibabu yake tofauti, ndo maana mi kwa bega namsikiliza zaidi yule mzee.

Bega sio jina la mfupa. Ni jina la sehemu nzima, na hapo kuna mifupa mitatu inayokutana: mtulinga, ule unaoupapasa kutoka chini ya koo hadi begani, kombe la bega, ule mpana wa mgongoni, na mfupa wa mkono wa juu. Kichwa cha huu mfupa wa mkono ni cha mviringo na kinaegemea kishimo kidogo kilichoko pembeni ya kombe, na hicho kishimo ni kifupi sana, wakati wowote ule ni kama theluthi moja tu ya kichwa inayokigusa. Fikiria chungwa umeliweka juu ya kisahani. Nyonga haiko hivyo, yenyewe ina kikombe kirefu kinachokumbatia mfupa wa paja, ndo maana haitoki kirahisi lakini pia huwezi kuuzungusha mguu kama unavyozungusha mkono. Bega ndicho kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini na ndicho kikubwa kinachochomoka mara nyingi zaidi, kinachokizuia ni kano na misuli minne iliyokizunguka, na mkono ukiwa juu alafu ukavutwa kwa nguvu kwenda nyuma kama ilivyomtokea mwenzako, kichwa kinasukumwa mbele kinapita. Zaidi ya asilimia 95 ya mabega yanayotoka hutokea mbele. Ndo ule uvimbe mnaouona karibu na kwapa, na pale juu palipokuwa na mviringo panabaki kama pembe.

Sasa angalia neno la mzee. Chomeka, chomoa, chomoka. Kinachochomoka lazima kilikuwa kimechomekwa, na hapo kilichochomekwa ni mkono. Mtulinga upo palepale, kombe lipo palepale, bega halijaenda popote! Kwa hiyo "mkono umechomoka begani" inasema kabisa nini kimetoka na kimetoka wapi, na sijui neno lingine la kila siku linalofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Watu wa Mwaloni wanaofanya kazi ya mabega siku nzima walishaliona hilo bila kusomea.

Kuna lingine nalisikia sana, "bega limevunjika", na mara nyingi ukifuatilia unakuta kilichovunjika ni mtulinga, hasa mtu akianguka na pikipiki akatua kwa ubavu. Hapo sema mtulinga tu, neno lipo na ni zuri. Alafu mkiulizwa hospitali anajisikiaje msiseme "mshipa umeshtuka", maana mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na wengine hata kano wanaiita mshipa. Kuna mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa wa mkono hapo chini kidogo ya kile kichwa na huwa unaumia mkono ukichomoka, kama upande wa nje wa bega hausikii ukiguswa basi semeni ganzi, daktari ataelewa mara moja.

Na mwisho wa barua yako umeandika mnataka kumpeleka kwa mtu "akaungwe". Kuunga ni kwa kilichovunjika. Kilichochomoka kinarudishwa, na anayerudisha awe ameiona kwanza picha ya eksirei, kwa sababu kuna wakati mfupa unachomoka ukiwa pia umemeguka, na hilo kwa macho hamuwezi kulijua.