Ukihamia Pwani, Jifunze Maji Kabla ya Njia

Nilihamia kijiji cha pwani nikiwa na ratiba yangu ileile ya mjini: kazi mchana, matembezi saa 10 jioni. Wiki mbili nzima nilishuka ufukweni saa 10, na kila nikishuka nakuta bahari nyingine. Mara imejaa hadi kwenye mizizi ya miti, mara imejitoa mbali, imeacha mchanga mtupu na mashua zimelala ubavu.

Jumamosi moja nikamchukua binti yangu wa miaka 6 tukaenda kwenye fungu la mchanga lililoibuka mbele ya kijiji. Tulivuka kwa maji ya vifundoni. Tukachimba mashimo, tukajenga, na muda wote nilikuwa nimeelekea bahari kuu, nikiamini kwamba maji yakianza kurudi nitayaona. Hayakutokea mbele. Yalipita pembeni, yakajaza ule mkondo tuliouvuka, na nilipotia mguu kurudi yalinifika kiunoni huku yakinivuta. Mzee mmoja mvuvi alituona akaja na mtumbwi. Hakunigombeza. Alimfunika mtoto kwa shati lake, kisha akaniambia, “Mwanangu, maji hayakufuati. Yanakuzunguka.”

Kesho yake nilirudi kwake kujifunza, na ninayoandika hapa mengi ni yake.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa 3 asubuhi, kesho yatazamie karibu na saa 4. Hapo nikaelewa kwa nini saa 10 yangu ilikuwa haishikiki.

Halafu maji hayapandi kwa mwendo mmoja, na hili ndilo lililotaka kunitoa roho. Katika zile saa 6 za kujaa, ya kwanza hupanda kidogo sana, unaweza kudhani yamesimama. Saa ya 3 na ya 4 peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Kwa hiyo toka kwenda mbali maji yakiwa bado yanapwa, na uanze kurudi kabla hayajageuka. Usisubiri kuyaona. Na ukivuka mkondo wowote, hata wa vifundoni, huo ndio wa kuangaliwa, si bahari kuu.

Mwezi nao utakusaidia kupanga. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hizo ndizo siku nzuri za kutembea miambani na kutazama viumbe kwenye vidimbwi, ila vaa viatu, na uwe na saa mkononi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mikondo hupungua nguvu. Mimi siku hizo ndizo ninazompeleka mtoto kuogelea.

Upepo usiusahau. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hivyo mchana upepo huvuma kutoka baharini. Usiku nchi ikipoa, hugeuka ukatoka nchi kavu, na mara nyingi alfajiri bado unavuma hivyo. Wavuvi wa matanga wanaupenda kwa kuwa unawatoa. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto asiachwe juu ya boya la hewa asubuhi na mapema, hata bahari ikiwa imetulia kama ya kwenye beseni. Utulivu ule wa ukingoni ni upepo unaosukuma kwenda nje.

Mambo ya nyumbani ni mepesi: chumvi ya hewani hula chuma, basi paka mafuta bawaba na baiskeli mapema.

Binti yangu sasa huchora mwezi kwenye kalenda ya ukutani na kuniambia yeye siku za kutoka. Tukiokota kombe, analigeuza kwanza na kulitazama ndani. Likiwa na kaa aliyehamia humo, analirudisha palepale tulipolikuta, mdomo chini, kisha anasogea hatua mbili na kusubiri mpaka lianze kutembea.