Kuchagua lori lililotumika la kujengea nyumba ya safari za porini

Wanaoanza kutafuta lori la kujengea nyumba ya safari huniuliza kwanza kuhusu injini, kisha kuhusu urefu wa bodi, na mara nyingi huwa wameshaona lori fulani linalouzwa ambalo limewavutia kwa macho. Mimi huwarudisha nyuma kwa swali moja: nyumba hiyo ikishakamilika, ikiwa na maji, mafuta, watu na vyakula ndani yake, itakuwa na uzito gani? Nimejenga nyumba juu ya malori mawili na nimewasindikiza wenzangu kukagua mengine, na karibu kila lori lililokuja kumsumbua mwenyewe lilimsumbua kwa sababu hesabu hiyo ilifanywa baada ya fedha kulipwa.

Ninazungumzia malori yale ambayo kabini yake imekaa juu ya injini, bila boneti mbele. Faida yake kwa kazi hii ni kubwa. Kwa urefu ule ule wa gari unapata nafasi ndefu zaidi ya nyumba nyuma, gari linakata kona katika eneo dogo, na dereva anaona ardhi iliyo karibu kabisa na bampa, jambo ambalo lina thamani kubwa unaposhuka mtoni au unapopita kati ya mawe. Hasara zake nazo ni za kweli, na ni vyema kuzikubali mapema. Dereva ameketi juu ya ekseli ya mbele au mbele yake kidogo, kwa hiyo kila shimo linampiga mgongoni kabla ya kufika kwingine. Joto na kelele za injini ziko chini ya kiti. Na kwa kuwa kabini lazima iinuliwe ili fundi aifikie injini, kutoboa njia ya kupita kutoka kabini kwenda kwenye nyumba si jambo jepesi. Kiti chenye springi au upepo hupunguza hasara ya kwanza kwa kiasi kikubwa, nami ningekinunua kabla ya kununua jokofu.

Sasa turudi kwenye uzito. Kila lori lina kibao cha kiwandani, kwa kawaida mlangoni au ndani ya kabini, kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima na kwa kila ekseli. Tuchukue mfano wa lori lenye kikomo cha kilo 6,500, ambalo chasisi na kabini yake pekee vina kilo 2,900. Zinabaki kilo 3,600, na mgeni wa kazi hii huziona kuwa nyingi mno. Ganda la nyumba likiwa na kilo 1,000, fremu ya chini inayolibeba 250, samani na vifaa vya ndani 400, lita 200 za maji kilo 200, lita 150 za dizeli ya ziada kilo 126 hivi, betri na mambo ya umeme 120, tairi la akiba na kibebeo chake 100, watu wawili 160, zana na vipuri 150, vyakula, nguo na vyombo 200, jumla inafika kilo 2,706. Katika lori hili unabakiwa na karibu kilo 900, na hiyo ni hali njema. Lori la kikomo cha kilo 5,500 lenye chasisi ya uzito huo huo lingekuwa limeshazidiwa kwa zaidi ya kilo 100 kabla hujapakia baiskeli wala kuni.

Hesabu ya jumla peke yake haitoshi, kwa sababu lori linaweza kuwa ndani ya kikomo chake huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Kitu kilichowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma huongeza uzito wake wote juu ya ekseli hiyo na zaidi ya hapo huinyanyua ya mbele, kama ubao wa bembea. Ukitundika kilo 200 mita 1.7 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika lori ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 3.4, ekseli ya nyuma inapata kilo 300 na ya mbele inapoteza kilo 100. Kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu kulipeleka lori mizani kabla ya kununua, ulipime likiwa tupu, ekseli moja baada ya nyingine, na uandike pia kiasi cha mafuta kilichokuwa kwenye tenki siku hiyo. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekurahisishia uamuzi.

Usidhani basi kwamba dawa ni kununua lori kubwa kupita kiasi. Springi zilizotengenezwa kubeba tani 6 hazikunji ipasavyo chini ya nyumba ya tani 2, na matokeo yake ni gari linalorukaruka kwenye barabara ya vumbi mpaka misumari ya makabati inachomoka. Uzito wa safari ukiwa kati ya asilimia 80 na 90 ya kikomo, lori hutulia, nami huutafuta uwiano huo kuliko ninavyotafuta nguvu za farasi. Kumbuka pia kwamba daraja la leseni linaweza kukupangia kikomo: katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, leseni ya kawaida ya gari dogo huishia kilo 3,500, na daraja la C1 huishia kilo 7,500.

Jambo la pili, ambalo lilinifundisha kwa gharama, ni kwamba chasisi ya lori imekusudiwa kujipinda. Zile reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatisha hujinyonga gurudumu moja la mbele linapopanda na la upande wa pili linaposhuka, na ni kujipinda huko kunakowezesha matairi yote kubaki ardhini. Nyumba niliyoijenga kwanza niliifunga kwa boliti moja kwa moja juu ya chasisi, pande zote, nikiamini kwamba kukaza ndiyo usalama. Tulipovuka mtaro wa maji kwa mshazari, siku ya tatu ya safari ya kwanza, mlango ulikwama ukiwa nusu wazi, na nilipozunguka nyuma nikakuta kiungo cha kona ya juu kimeachia ufa unaoingia ukucha wa kidole gumba. Nililazimika kuiteremsha nyumba nzima na kuitengenezea fremu ya chini yenye egemeo la katikati upande mmoja na boliti zenye springi upande mwingine, ili chasisi ijinyonge bila kuivuta nyumba. Unapokagua lori, basi, angalia namna bodi ya zamani ilivyofungwa na dalili ilizoacha. Rangi iliyosuguliwa mpaka chuma kung'aa, matundu yaliyopanuka na nyufa zinazoanzia kwenye matundu hukueleza kwa uaminifu jinsi chasisi hiyo ilivyotumika.

Hakikisha vilevile kwamba hakuna aliyetoboa wala kuchomelea ubapa wa juu au wa chini wa reli. Hapo ndipo mvutano wa chuma ulipo mkubwa, na miongozo ya watengenezaji ya ujenzi wa bodi kwa kawaida hukataza jambo hilo. Tundu la lazima huwekwa kwenye ukuta wa wima wa reli. Lori lililochomelewa kwenye ubapa mimi huliacha, hata likiwa na mengine yote mazuri.

Kuhusu lori lipi hasa, soko la mitumba linagawanyika katika makundi mawili. Kuna malori mepesi ya Kijapani yanayovuta kwa magurudumu yote, kama Mitsubishi Fuso Canter ya mfululizo wa FG na Isuzu NPS, na kuna malori mazito zaidi yaliyotoka jeshini au zimamoto, kama Mercedes-Benz 1017A, Steyr 12M18, Leyland DAF T244, Bedford MK na lile la Kimarekani M1078, ambalo usanifu wake ulitokana na Steyr 12M18. Kundi la kwanza lina vipuri vinavyopatikana sehemu nyingi za dunia na linapita katika njia nyembamba. Kundi la pili lina ekseli ngumu na chasisi imara, lakini linakula mafuta zaidi, na baadhi ya vipuri vyake ni vya kuagiza na kusubiri. Kwa anayeanza, na kwa watu wawili, mimi ningependekeza kundi la kwanza bila kusitasita.

Historia ya kazi ina uzito kuliko kilomita. Lori la zimamoto lenye kilomita 30,000 linaweza kuwa limesimama na injini ikinguruma kwa maelfu ya saa ikiendesha pampu, na mipira yake ya breki na ya rejeta imezeeka kwa miaka ileile kama ya lori lolote la rika lake. Lori la kumwaga mchanga huwa na chasisi iliyoteswa. Lori lililofanya kazi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji linaweza kuonekana zuri juu huku kutu imejaa kati ya reli na vibao vilivyoongezwa kuziimarisha, mahali ambapo brashi haifiki.

Usiamini maandishi ya 4WD yaliyobandikwa mlangoni. Baadhi ya malori mepesi ya Kijapani yalitengenezewa barabara za theluji: yanavuta kwa magurudumu yote, lakini yako chini na hayana gia nzito ya kupandia polepole. Ingia kabini, tafuta wenzo au swichi ya gia hiyo, iingize, na uhisi lori linavyotembea kwa mwendo wa mguu bila kukanyaga klachi. Jaribio hili lifanyike kwenye udongo au kokoto. Kwenye lami kavu mfumo wa kuunganisha ekseli zote mbili hujikaza na unaweza kuvunja kitu ambacho bado si chako.

Tairi pacha za nyuma zina tabia ya kubana mawe katikati, na kwa kuwa hazifuati mkondo wa tairi za mbele, kwenye mchanga kila moja inalazimika kujichimbia njia yake. Ndiyo sababu wengi hubadilisha na kuweka tairi moja pana kila upande. Ukikusudia kufanya hivyo, soma namba ya uwezo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ekseli yenye kikomo cha kilo 4,400 inahitaji kila tairi libebe kilo 2,200. Namba 135 ni kilo 2,180, haitoshi, na 136 ni kilo 2,240. Rimu nayo iwe na uwezo huo, na ikae mahali ambapo katikati ya tairi jipya hapako mbali na katikati ya zile pacha, la sivyo beringi za gurudumu zitabeba mzigo kwa pembe zisiyoizoea.

Katika injini, swali la kujiuliza ni dizeli gani utakayoipata huko uendako. Injini mpya zenye chujio la masizi na mfumo wa kusafisha moshi zinahitaji dizeli yenye salfa kidogo sana, sehemu 10 kwa milioni kwa kiwango cha Ulaya au 15 kwa kile cha Marekani, na dizeli yenye salfa nyingi huharibu mfumo huo mpaka injini inajipunguzia nguvu yenyewe katikati ya safari. Injini ya zamani yenye pampu ya kimakanika hustahimili mengi zaidi na hutengenezeka kwa zana za mkononi. Kwa upande mwingine, miji mingi ya Ulaya huzuia magari ya moshi mwingi kuingia, kwa hiyo amua kwa kufuata ramani yako wewe.

Siku ya ukaguzi fika mapema na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, mtu ameshaficha ugumu wa kuwaka kwake asubuhi. Ikishawaka, legeza kifuniko cha oili na ukiache kimekaa tu juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo si neno, kikirushwa na upepo wa ndani, ringi za pistoni zimechoka. Kisha lala chini ya gari ukiwa na taa na nyundo ndogo, na ufuate reli kuanzia mbele mpaka nyuma ukigonga taratibu: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Simama zaidi kwenye vishikio vya springi. Ribiti iliyolegea hutoa mstari mwembamba wa kutu ya kahawia unaoteremka kutoka chini ya kichwa chake, kama chozi, na rangi mpya nyeusi iliyopakwa hapo peke yake ni sababu ya kuuliza. Pima kwa tepu kutoka kishikio cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, kisha mshazari wa pili. Vipimo vikiachana kwa zaidi ya milimita chache, lori limewahi kugonga au kupinduka. Omba kufungua boliti ya difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, kwani oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, na vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho si vumbi la kawaida. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise huku mwenzako akitazama viungo vyake kwa taa.

Kabini iinue mwisho, ukiwa umeondoa kila kitu kilicho ndani yake. Sikiliza inavyopanda, angalia kama inaegemea upande mmoja, na uhakikishe komeo la usalama limeingia kabla ya kuweka kichwa chako chini yake. Ikiwa nzito kuliko inavyopaswa, torsheni, ile fimbo ya springi inayosaidia kuiinua, imechoka au imerekebishwa vibaya. Ukishaishusha, pima kwa tepu umbali kati ya ukuta wake wa nyuma na mahali ambapo ukuta wa nyumba yako utakuwa, uongeze nafasi ya vidole vinne kwa ajili ya kujipinda kwa chasisi, na uiandike namba hiyo kwenye daftari lako, kwa sababu ndiyo itakayoamua urefu wa kitanda.