Kwa wadogo zangu mnaoingia idara ya burudani kwenye meli kubwa

Wadogo zangu mliopata mkataba wa kwanza kwenye meli kubwa za kitalii, hongereni. Najua mmeshaangalia video zote za slaidi za maji, viwanja vya barafu na kuta za kupanda, na wengi mnaonipigia simu mnataka kujua vitu hivyo vinaendeshwaje. Hayo mtafundishwa, tena kwa muda mfupi. Jambo lisilofundishwa vya kutosha ni watu, na kazi yenu ni watu.

Chukueni mfano wa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024. Ina urefu wa mita 365 hivi na sitaha 20, na ikijaa hubeba wageni 7,600 wanaohudumiwa na wafanyakazi 2,350. Karibu watu elfu kumi katika chombo kimoja, na hakuna anayetoka mpaka bandari inayofuata. Wote wakitaka kula saa moja jioni, au kuteremkia bwawani kwa wakati mmoja, meli haikaliki. Mgeni akiishika ratiba ya burudani anaona starehe zake za siku. Wewe isome kama mpango wa kuwatawanya watu. Onyesho hupangwa lianze wakati kundi jingine limeketi mezani. Chemsha bongo ya saa nne asubuhi huwatoa watu kwenye ukumbi wa kifunguakinywa. Viti vya maonyesho makubwa huwekwa mapema kwa programu ya simu ili foleni isizibe ngazi. Ukishalielewa hilo hutashangaa msimamizi akikasirika kwa sababu bingo yako imechelewa dakika tano, maana dakika hizo zimewaacha mamia ya watu wamesimama mahali ambapo mamia wengine wanataka kupita.

Hata ujenzi wenyewe umefuata fikra hiyo. Oasis of the Seas ya mwaka 2009 iligawanywa mitaa: bustani yenye miti ya kweli katikati, mtaa wa familia wenye farasi wa mbao wa kuzunguka, na jukwaa la maji upande wa nyuma. Mwenye watoto watatu hagongani na mzee anayetaka kusoma kitabu kivulini.

Siku za bandarini ni nyepesi, kwa sababu wageni wengi hushuka Cozumel au Nassau mpaka jioni. Siku ngumu ni ya kushinda baharini, na iliyo ngumu kuliko zote ni siku ya upepo. Asubuhi utaona maji ya bwawa la juu yanakwenda upande mmoja na kurudi, kidogo kidogo, halafu yanaanza kuruka ukingo. Muda si muda wenzako wa sitaha wanafunga slaidi na kutandaza wavu juu ya bwawa, na inatangazwa kwamba sitaha za wazi zimefungwa. Watu waliokuwa juani wanaingia ndani kwa mpigo, wamelowa, taulo mabegani, na watoto wanaolia kwa sababu wameisubiri slaidi ile tangu jana. Chini ya ngazi wanakukuta wewe na kipaza sauti.

Hapo usiombe radhi mara kumi. Waambie kilichofungwa, sababu yake, kinachoanza sasa hivi na mahali kilipo. "Slaidi zimefungwa kwa ajili ya upepo. Michezo ya familia inaanza sasa, sitaha ya tano, upande wa mbele." Mtu akishaonyeshwa pa kwenda, hasira hupungua. Kwa hiyo uwe na michezo kadhaa kichwani isiyohitaji skrini, meza wala karatasi: maswali ambayo mwenye kusema ndiyo anasimama na mwenye kusema siyo anakaa, mashindano ya kupiga makofi kwa mpangilio, wimbo wa kuitikiana. Sisi wa Pwani tumelelewa kwenye harusi ambako mwimbishaji mmoja anauamsha uwanja mzima wa akina mama. Msiuone mdogo ujuzi huo. Nimewaona waliosomea sanaa za jukwaani wakihangaika kupata kile ambacho binti wa Likoni anakifanya bila kufikiri.

Kuhusu kipaza sauti, lafudhi yako haina tatizo. Tatizo ni kasi. Mbele yako kuna mtu wa Texas, familia ya Brazil, wazee wa Ujerumani, na Kiingereza si lugha ya wote. Sema sentensi fupi, namba za sitaha zirudie mara mbili, kisha nyamaza kidogo watu wakuelewe.

Chemsha bongo iheshimu kuliko unavyodhani inastahili. Zawadi ni kalamu au kishikio cha funguo, lakini watu hubishania mji mkuu wa Australia kana kwamba wanagombea shamba. Mgeni akilipinga jibu lililo kwenye karatasi yako, usimfanyie mzaha mbele za watu. Msikilize, hakikisha, na kama ana haki mpe pointi na umtaje jina. Kisha angalia nani amekuja peke yake. Ndani ya meli ya maelfu ya watu mtu anaweza kumaliza juma bila kuulizwa hali. Utamwona mzee, pengine mwenzake amefariki na watoto ndio waliomlipia safari, anakaa kiti kilekile kila asubuhi na kujibu maswali peke yake. Muunganishe na meza ya watu wawili wanaohitaji mtu wa tatu kwenye timu yao. Kesho yake mwamkie kwa jina. Sehemu hii ya kazi naipenda kuliko zote, na haimo kwenye maelezo ya kazi mliyotia saini.

Kwenye mashine ya mawimbi, ile ya FlowRider, mtoto hulazimika kufikia sentimita 132 ili ateleze amelala kwenye ubao, na 147 ili asimame. Baba atakuja na mtoto aliyepungukiwa na sentimita mbili, na mara nyingine noti mkononi. Noti usiipokee, na wala usibishane. Mpime mtoto mbele ya baba yake, viatu vimevuliwa, visigino vimegusa kipimo, mara moja tu. Halafu zungumza na mtoto mwenyewe, umwambie ni mchezo gani anaweza kuucheza leo.

Sasa jambo zito. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu sheria za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Baadaye sheria ilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya kung'oa nanga au mara tu meli inapoondoka. Ninyi wa burudani mtapangiwa vituo vya kukusanyika, mkiwa na fulana maalumu na orodha ya majina. King'ora kikilia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa mrefu, wageni watatafuta sauti wanayoijua, na sauti hiyo ni yako, iliyowachezesha bingo jana. Kwa hiyo kila utakapowaahidi jambo dogo, la muda au la mahali, litimize. Wakikuzoea kuwa unasema kweli kwenye mchezo, watakuamini siku ya moshi. Mazoezi ya wafanyakazi yafanyeni kwa dhati hata kama mmelala saa nane usiku.

Usingizi nao ni haki yenu. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Andika saa zako za kweli. Kuna wasimamizi, si wote, watakaokuomba urekebishe karatasi ili ionekane safi. Kataa kwa adabu. Mkataba huohuo unakataza mtu kudaiwa ada ya kupewa kazi: gharama yako ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari. Akitokea wakala wa kukudai laki kadhaa za "kuharakisha jina", mwache, na upeleke habari kwa mamlaka ya bahari ya nchi yako. Mafunzo ya msingi ya usalama yanapatikana nyumbani, Bandari Maritime Academy ya Mombasa au chuo cha ubaharia cha DMI (Dar es Salaam Maritime Institute).

Siku mtakayopanda, kabla ya kutafuta intaneti, tembeeni kutoka kabini hadi kwenye vituo vyenu vya kukusanyika, kisha mrudie njia hiyo kwa ngazi bila lifti. Viatu viwe vilivyokwisha kulainika mguuni. Na simu ya nyumbani ipigeni baada ya zamu ya usiku: ikiwa saa sita usiku Miami, kwa miezi mingi ya mwaka nyumbani ni saa moja asubuhi, na mama ameshaamka.