Maswali na Majibu: Kiboko Hana Habari na Picha Yako

Barua nyingi za juma hili zinahusu visiwa viwili vilivyozaliwa na volkano, kimoja Naivasha na kingine Turkana. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa mzima.

*Swali: Mimi na wenzangu watano wa kazini tunataka kutembea Crescent Island, Naivasha, na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo. Je, yawezekana? Kuna wanyama wakali? (Msomaji, Donholm)*

Yawezekana, kwa kuwa Naivasha iko umbali wa kilomita 90 hivi, mradi mtoke alfajiri badala ya kungojana kwenye kituo cha mafuta hadi saa tatu. Kisiwa hicho ni ukingo wa kasoko, yaani mdomo wa volkano, ambayo sehemu yake kubwa imezama ziwani. Ndiyo maana kina umbo la hilali, na ndani ya mkunjo wake ndiko Ziwa Naivasha lina kina kirefu zaidi. Mtatembea kwa miguu katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro, kwa sababu simba hayupo.

Hapo ndipo watu wa Nairobi hukosea: wakisikia kwamba hakuna simba, huona kwamba hakuna hatari. Mara ya mwisho nilipokuwa huko nilimkuta kijana amesimama ukingoni mwa maji, amegeuzia mafunjo mgongo, mwenzake akimpiga picha. Nilitazama chini ya viatu vyake nikaona mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa ikawa laini, na katikati yake tuta jembamba la nyasi. Hiyo ni njia ya kiboko, kwa maana miguu ya kushoto ya mnyama huyo hupita mfereji mmoja na ya kulia hupita mwingine. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na akishtuliwa nchi kavu hukimbilia majini. Atakayesimama kati yake na ziwa ndiye atakayekanyagwa. Kijana alicheka nilipomwonya, kisha akaomba picha moja zaidi.

Jambo ambalo hukuuliza: kabla boti haijaondoka, vaeni jaketi za kuokoa maisha na mzifunge vifungo vyote. Niliwahi kupanda boti moja ambayo jaketi zake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba chini ya kiti cha nyuma, na nahodha akanihakikishia kwamba zingefunguliwa iwapo zingehitajika. Nilishuka.

*Swali: Kiingilio ni pesa ngapi? (Wasomaji kumi na mmoja)*

Ada hubadilika, nami nimekwisha kulisema hili mara nyingi kiasi kwamba mhariri ameanza kulifuta. Central Island, kile kisiwa cha Ziwa Turkana, iko chini ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, hivyo tazameni tovuti yao. Crescent Island ni hifadhi ya watu binafsi na ina ada zake.

*Swali: Nitakuwa Lodwar kwa harusi mwezi wa Aprili. Je, siku moja inatosha kwenda Central Island, na nitawaona mamba? (Mama Kevo, Umoja)*

Mama Kevo, umeuliza vizuri, na mwezi umekuangukia, kwa kuwa Aprili na Mei ndipo mamba wachanga huanguliwa. Ukitokea Lodwar, siku moja inatosha ikiwa upepo utakubali. Ziwa Turkana huchafuka ghafla, na mawimbi yake si ya kufanyiwa mzaha. Kwa hiyo nahodha akisema leo hatuvuki, usimwongezee pesa ili abadili nia.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita 5 za mraba, nacho kimejaa kasoko, tatu kati yake zikiwa na maziwa: Crocodile Lake, Flamingo Lake na Tilapia Lake. Huo moto wa chini haujazimika kabisa, kwani mahali fulani mvuke wenye harufu ya salfa bado hutoka ardhini. Ukishuka mteremko, changarawe na majivu huteleza chini ya kisigino, na hakuna mti wa kushika. Kwenye mchanga mweusi utaona alama za makucha pande mbili na mstari uliochorwa na mkia katikati. Ukiuona mstari huo, usimame, umwache kiongozi wako atangulie, maana mamba jike aliye karibu na kiota hana subira. Beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Nenda mapema maishani pia. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na Bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo nchini Ethiopia, ambao huleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo, lilikuwa miongoni mwa sababu. Tumelizungumzia jambo hilo kwa sauti ya chini mno.

*Swali: Je, tunaweza kuogelea katika Crocodile Lake? (Msomaji, Kilimani)*

Soma tena jina la ziwa.

*Swali: Nitamtembelea binti yangu Ecuador na tutafika Galápagos. Nimesikia kwamba huko wanyama husogelewa hadi mita 2. Mbona hapa mnatukataza? (Baba Wambui, Ruaka)*

Mita 2 ndio mpaka wa karibu kabisa uliowekwa na hifadhi, wala si mwaliko. Wanyama wengi wa huko waliishi vizazi na vizazi bila wawindaji wakubwa wa nchi kavu, kwa hiyo hawamwogopi binadamu. Kuro wetu hajalelewa hivyo. Mkienda kisiwa cha Isabela, pandeni Sierra Negra, volkano iliyolipuka mwaka 2018, ambayo safari yake hadi Volcán Chico na kurudi ni kama kilomita 16. Huwezi kuipanda bila kiongozi aliyeidhinishwa, na laiti sisi tungeiga sheria hiyo kabla ya kuiga mita 2.

*Swali: Ninunue darubini ya aina gani? (Msomaji, Kasarani)*

Iliyoandikwa 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya upana wa milimita 42. Achana na zile za kukuza mara 20 zinazouzwa barabarani, kwani mkono ukitikisika kidogo tu, na ndani ya boti hutikisika daima, twiga mzima hugeuka ukungu.