Mhadhara wa akili mnemba: uende au usiende?

Mdogo wangu wa Moshi, unauliza kama mhadhara wa akili mnemba pale Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, utakufaa, maana umeishia kidato cha sita na hesabu zinakusumbua. Ulizia kama wasio wanachuo wanaruhusiwa, kisha panda Coaster ushukie Tengeru.

Kabla ya hapo soma utafiti wao wa kuku. Walipiga kwa simu picha za kinyesi (ndiyo, kinyesi!) mabandani Arusha na Kilimanjaro, wakaifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya kuku: mdondo, koksidiosisi na salmonela. Muulize mtoa mada nani aliyethibitisha kila picha ni ya ugonjwa gani, mfugaji au maabara. Hapo ndipo kazi ilipo, maana kompyuta hujifunza kutokana na majibu hayo.

Hesabu? Anza na matrisi (namba zilizopangwa kama jedwali). Roboti baadaye.